John Spilsbury: Mkataji Ramani wa Russell Court

Mwaka wa 1763 kulichapishwa mjini London kitabu cha Thomas Mortimer kilichoorodhesha wasanii, mafundi na wataalamu wa jiji hilo pamoja na anwani zao, ili mnunuzi ajue pa kuwapata. Miongoni mwa majina hayo lilikuwemo la kijana wa miaka 24 hivi, John Spilsbury, wa Russell Court, kichochoro kilichokuwa kando ya barabara ya Drury Lane. Kazi yake ilielezwa kwa maneno machache: mchongaji nakshi na mkataji wa ramani katika mbao kwa ajili ya kurahisisha ufundishaji wa jiografia. Maelezo hayo hayazidi mstari mmoja. Hata hivyo, ni mstari huo uliomfanya Spilsbury atajwe, tangu karne ya ishirini, kuwa mvumbuzi wa mchezo wa kuunganisha vipande vya picha, mchezo ambao leo hupatikana katika nyumba za watu duniani kote.

Kiswahili hakijapata jina moja lililokubalika la mchezo huo. Wapo wauitao chemshabongo, lakini neno hilo hubeba pia maswali ya maneno na ya hesabu. Katika makala haya utaitwa fumbo la vipande. Spilsbury mwenyewe asingelitambua jina hilo, wala jina la sasa la Kiingereza ambalo limetokana na aina ya msumeno ulioanza kutumika baada yake. Yeye alikuwa akiuza ramani zilizokatwakatwa, basi.

Spilsbury alizaliwa mwaka wa 1739. Nduguye mkubwa, Jonathan, aliyezaliwa miaka miwili hivi kabla yake, naye alikuwa mchongaji nakshi, na hapa ndipo panapoanza tatizo linalomsumbua kila aandikaye kuhusu maisha yao. Ndugu wawili, fani moja, jiji moja, na majina ambayo kwa Kiingereza hufupishwa kwa herufi ileile. Picha iliyotiwa sahihi ya J. Spilsbury yaweza kuwa ya huyu au ya yule. Kwa muda mrefu kamusi za wasifu wa wasanii zilimchanganya John na Jonathan, zikampa mmoja kazi za mwenziwe. Jonathan alijipatia sifa kwa picha za watu alizozichonga kwa mbinu ya kuanzia gizani kuelekea kwenye mwanga, na binti yake, Maria Spilsbury, aliyeishi kati ya 1776 na 1820, alikuja kuwa mchoraji mashuhuri. Kwa hivyo katika historia ya sanaa, jina la ukoo huo lilibaki upande wa Jonathan. John alibaki pembeni, fundi wa ramani na karatasi za biashara.

Mnamo 1753, akiwa na umri wa miaka 14 hivi, John aliingia uanagenzi kwa Thomas Jefferys. Uanagenzi katika London ya wakati ule haukuwa jambo la mzaha. Kijana alifungwa kwa mkataba wa miaka saba, akala na kulala kwa bwana wake, akafagia karakana kabla ya kushika chombo chochote cha kazi. Lakini bwana wa Spilsbury hakuwa fundi wa vivi hivi. Jefferys alikuwa miongoni mwa wachapishaji wakubwa wa ramani nchini Uingereza, na George wa Tatu alipoanza kutawala mwaka wa 1760, alikuwa na cheo cha mwanajiografia wa mfalme. Miaka ile ilikuwa ya vita. Kati ya 1756 na 1763 Uingereza na Ufaransa zilipigana Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Bahari ya Hindi na pwani ya Afrika ya Magharibi, na kila habari ya ngome iliyotekwa iliwafanya wasomaji wa magazeti watake kujua ngome hiyo iko wapi. Ramani ziliuzwa kama mkate. Kijana Spilsbury alijifunza kazi yake katika karakana ambamo dunia ilichorwa upya kila msimu.

Kazi yenyewe yafaa kuelezwa, maana bila kuielewa ni vigumu kuona alichokifanya baadaye. Mchongaji ramani wa karne ya kumi na nane alianza na bamba la shaba lililosuguliwa mpaka likawa kama kioo. Juu yake alichonga mistari kwa kisu chembamba cha chuma, mkono mmoja ukisukuma kisu na mwingine ukilizungusha bamba. Kila kitu alikichonga kinyume: pwani ya mashariki ilikaa magharibi, na majina ya miji yaliandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa. Bamba lilipokamilika lilipakwa wino, likafutwa hadi wino ukabaki ndani ya michongo tu, kisha karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa mtambo. Ramani iliyotoka ilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi za mipaka zilitiwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Kwa miaka saba mwanagenzi huyu alikuwa akitazama mipaka ya nchi kwa karibu kuliko msomaji yeyote wa ramani, kwani alikuwa akiipitisha chuma.

Uanagenzi ulipokwisha, mnamo 1760 au punde baadaye, alifungua duka lake pale Russell Court. Eneo hilo lilikuwa na pilikapilika za wenda-tamthilia, kwani ukumbi wa maonyesho wa Drury Lane haukuwa mbali. Fundi mchanga aliyetoka kwa bwana mkubwa alihitaji kupata riziki kwa kazi zozote zilizojitokeza. Spilsbury alichonga na kuchapisha, akauza vifaa vya kuandikia, na pia akachapisha ramani juu ya hariri, ikiwemo ramani ya barabara za Uingereza na Wales iliyokuwa leso ya kufungwa shingoni. Msafiri aliweza kuitoa leso na kuitazama njia. Mtu aliyewahi kusoma maandishi kwenye leso za pwani yetu hatashangaa kwamba kitambaa kinaweza kubeba ujumbe, ingawa leso ya Spilsbury haikuwa na mafumbo, ilikuwa na masafa tu.

Ramani za kukatwa ndizo zilizomtofautisha na mafundi wengine. Alichukua ramani iliyochapishwa na kutiwa rangi, akaibandika kwa gundi juu ya ubao mwembamba wa mahogani, akauacha ukauke, kisha kwa msumeno mwembamba sana akaukata kufuata mipaka ya nchi au ya majimbo. Kila nchi ikawa kipande. Vipande vikatiwa ndani ya sanduku la mbao. Mtoto aliyeletewa sanduku hilo alivimwaga mezani na kutakiwa airudishe Ulaya mahali pake. Uhispania ilikaa kando ya Ureno kwa sababu hakuna pengine ilipoweza kukaa.

Fikra iliyokuwa nyuma ya jambo hilo haikuwa ngeni. Tangu 1693, mwanafalsafa John Locke alikuwa amependekeza katika kitabu chake kuhusu elimu kwamba watoto wafundishwe kusoma kwa kuchezea herufi zilizobandikwa kwenye dadu, badala ya kuchapwa viboko. Familia za watu wenye uwezo ziliupokea ushauri huo kwa moyo mkunjufu, na soko la vitu vya kuchezea vyenye mafunzo lilikuwa likikua. Spilsbury aliliona soko hilo akalipa bidhaa. Alikuwa na mada nane: dunia nzima, Ulaya, Asia, Afrika, Amerika, Uingereza na Wales, Ireland, na Uskoti. Bei zake zilifika hadi shilingi 21, yaani gini moja, wakati ambapo kibarua wa London alipata takribani shilingi 2 kwa siku. Kwa mteja asiyetaka kutoa fedha nyingi kiasi hicho, kulikuwa na ramani zisizokuwa na bahari: vipande vya nchi kavu tu, bila ubao wa kuzizunguka. Mfanyabiashara huyu alijua thamani ya mbao zake hata akaweza kuipunguza bahari bei.

Na mbao hizo zilitoka mbali. Mahogani iliyotumiwa Uingereza katika miaka hiyo ililetwa kutoka Jamaika, kutoka pwani ya Honduras na kwingineko katika eneo la Karibi, ambako miti ilikatwa na kuburutwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Maelezo mengi ya mchezo huu husifu ulaini wa mbao hizo na jinsi zilivyokubali msumeno bila kupasuka, yakaishia hapo. Haifai kuishia hapo. Mtoto wa lodi aliyekipanga kipande cha Afrika kando ya Bahari ya Atlantiki alikuwa ameshika mkononi kitu kilichovuka bahari hiyohiyo kwa jasho la watu waliotolewa katika bara lililochorwa juu yake.

Ramani ya Afrika inazua swali jingine ambalo kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni la kawaida kuulizwa. Ikiwa kipande ni nchi, Afrika ilikatwaje mwaka wa 1765? Mipaka iliyopo leo ilianza kuchorwa zaidi ya karne moja baadaye, wakati na baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Ramani za Ulaya za wakati wa Spilsbury ziligawa bara katika maeneo makubwa: Barbari upande wa kaskazini, Nigrisia na Gine magharibi, Abisinia, na katika pwani yetu eneo lililoandikwa Zanguebar, pamoja na majina ya miji kama Mombasa, Malindi na Kilwa katika tahajia za Kireno. Mchoraramani Mfaransa d'Anville, katika ramani yake ya 1749, aliamua kuacha sehemu kubwa ya bara ikiwa tupu kuliko kujaza milima na falme za kubuni. Lakini msumeno hauna njia ya kuonyesha utupu. Ubao ukishakatwa lazima uwe na kingo, na kingo humwambia mtoto kwamba hapa nchi moja imeisha na nyingine imeanza. Kwa Ulaya somo hilo lilikuwa na ukweli fulani. Kwa Afrika lilikuwa dhana ya mchapishaji.

Soko la Spilsbury lilikuwa la watu wa tabaka la juu, na mfano unaojulikana zaidi wa matumizi ya ramani za aina hiyo unatoka katika nyumba ya mfalme. Lady Charlotte Finch aliteuliwa kuwa mlezi mkuu wa watoto wa George wa Tatu mwaka wa 1762, alipozaliwa mrithi wa kwanza wa ufalme, akaishika kazi hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Aliwafundisha watoto hao jiografia kwa ramani za mbao zilizokatwa, alizozihifadhi katika kabati za mahogani zenye droo fupifupi. Kabati hizo zimesalia hadi leo.

Kabati hizo, pamoja na ushahidi mwingine, ndizo zilizoleta mgogoro katika sifa ya Spilsbury. Mwaka wa 1972 Linda Hannas, mkusanyaji na mtafiti Mwingereza, alichapisha kitabu kuhusu mafumbo ya vipande ya Uingereza kuanzia 1760 hadi 1890. Ni yeye aliyemwinua Spilsbury kutoka kwenye vumbi la orodha ya Mortimer na kumtaja kuwa mwanzilishi. Hoja yake ilikuwa na nguvu, kwa kuwa hakuna fundi mwingine aliyekuwa na anwani, lebo, tarehe na ramani zilizosalia kwa pamoja. Lakini mnamo 1999 Jill Shefrin, mtafiti wa historia ya vitabu na elimu ya watoto, alitoa kitabu kilichomtazama upya Spilsbury, na humo akaonyesha kwamba Jeanne-Marie Leprince de Beaumont alikuwa akifundisha kwa ramani za mbao mjini London kabla duka la Russell Court halijajulikana. Bibi huyo Mfaransa alihamia London mwaka wa 1748, akawa mlezi na mwalimu wa mabinti wa familia kubwa, na ndiye aliyeandika mwaka wa 1756 ile hadithi ya binti mrembo na dubwana inayosomwa na watoto hadi leo. Alikuwa mwandishi maarufu Ulaya nzima. Hata hivyo, historia ya mchezo huu ilimpita kwa sababu ramani zake hazikuandikwa katika orodha ya wafanyabiashara. Zilikuwa vifaa vya mwalimu darasani.

Je, Spilsbury anyang'anywe sifa? Hilo linategemea sifa yenyewe ni ipi. Ikiwa ni ya kuwa mtu wa kwanza kukata ramani iliyobandikwa kwenye ubao, basi dai lake ni dhaifu. Ikiwa ni ya kuligeuza wazo la darasani kuwa bidhaa yenye mada nane, bei za viwango mbalimbali na jina la fundi lililochapishwa, dai lake limesimama imara. Kosa liko kwa waandishi waliofuata, ambao walichukua tangazo la biashara wakaligeuza kuwa cheti cha uvumbuzi. Mwalimu mwanamke aliyetumia kifaa hajitangazi kama muuzaji wa kifaa anavyojitangaza, na mwanahistoria anayefuata matangazo pekee atampata muuzaji kila mara.

Spilsbury hakuishi kuuona mgogoro wowote. Alifariki tarehe 3 Aprili 1769, akiwa na umri wa miaka 30 au pungufu kidogo, baada ya kufanya kazi kwa jina lake kwa muda usiozidi miaka tisa. Bwana wake wa zamani, Jefferys, aliyekuwa amefilisika mwaka wa 1766 kwa gharama za kupima majimbo ya Uingereza, alimzidi kwa miaka miwili tu. Duka la Russell Court halikufungwa. Mjane wake, Sarah, aliendelea na biashara, kisha akaolewa na Harry Ashby, mchongaji aliyekuwa akifanya kazi humo humo dukani. Ashby, aliyezaliwa 1744 na aliyeanza maisha kwa kuchonga nambari za saa huko Gloucestershire, baadaye alihamishia kazi mtaa wa King Street, Cheapside, na akajulikana zaidi kwa uchongaji wa maandishi. Alifariki mwaka wa 1818.

Kufikia wakati huo ramani za kukatwa zilikuwa zimeenea. Wachapishaji kama John Wallis na William Darton walikuwa wakizitoa kwa wingi, na vipande havikuwa tena vya jiografia pekee: kulikuwa na nasaba za wafalme, visa vya Biblia na maadili ya watoto wema. Jane Austen, katika riwaya yake Mansfield Park ya 1814, aliwafanya binamu wa Fanny Price wamcheke kwa kuwa hakuweza kuipanga ramani ya Ulaya. Austen hakuhitaji kueleza ramani hiyo ni kitu gani. Wasomaji wake walikuwa wameichezea.

Kwa wakusanyaji wa leo, kazi ya Spilsbury ni adimu mno, na adimu yoyote huvuta wadanganyifu pamoja na wakosefu wa nia njema. Mtu aliyepata ramani ya mbao mnadani huanza kwa kuitazama mgongoni. Mafumbo ya miongo ya mwanzo yalibandikwa juu ya mbao halisi za mahogani. Mbao laini za bei nafuu zilifuata katika karne ya kumi na tisa, plaiwudi ikaja mwishoni mwa karne hiyo, na kadibodi ndiyo iliyotawala karne ya ishirini. Kisha hutazama jinsi vipande vinavyokutana. Katika mafumbo ya awali ya Uingereza ni vipande vya ukingoni tu vilivyoshikana kwa meno. Vya ndani vililazwa kando kwa kando, na meza ikitikiswa falme zote huhama. Fumbo ambalo kila kipande kina kichwa na shimo ni la wakati mwingine. Rangi za mkono huvuka mstari hapa na pale, nazo rangi za mashine hukaa sawasawa mno. Pia huangaliwa kama kuna kipande chenye karatasi nyeupe kuliko wenzake, maana vipande vilivyopotea hutengenezwa upya, na fundi hodari huweza kuipatia Denmark mpya ikakaa kama ya zamani.

Mtego mkubwa zaidi ni tarehe. Mwaka ulioandikwa kwenye ramani ni mwaka wa bamba la shaba, na bamba moja liliweza kutumika kwa miaka mingi baada ya kuchongwa, hata baada ya mchongaji kufa. Zaidi ya hayo, ramani halisi ya kale yaweza kubandikwa juu ya ubao leo na kukatwa kesho. Ndiyo maana mkusanyaji makini husoma jina, anwani, sanduku, ubao na mkato kwa pamoja, wala hatosheki na kimoja kati ya hivyo. Mipaka nayo husaidia. Ramani ya Ulaya ya Spilsbury ya 1766, iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London, ilichongwa wakati ufalme wa Poland ungali mzima. Mwaka wa 1772, miaka mitatu baada ya kifo chake, Urusi, Prussia na Austria zilianza kuugawana ufalme huo, na kufikia 1795 haukuwepo tena katika ramani, hadi uliporudi mwaka wa 1918. Mtoto aliyenunuliwa sanduku la Russell Court, kisha akakua na kuzeeka, alikuwa na Poland nzima kabatini kwa miaka yote ambayo nchi hiyo haikuwepo popote pengine.